Sentimita 50 za Fimbo Namba 9: Uchambuzi wa Kisa cha Kinu cha SL-1

Tarehe 3 Januari 1961, saa 3 na dakika 1 usiku, king'ora cha joto cha jengo la kinu kidogo cha nyuklia kiitwacho SL-1 kililia kwa wazimamoto wa eneo la serikali la majaribio ya vinu vya nyuklia, kwenye nyika ya jimbo la Idaho, Marekani. Wazimamoto waliitikia bila papara. Siku hiyohiyo king'ora cha jengo lilelile kilikuwa kimeshawatoa mbio mara mbili, na mara zote mbili hakukuwa na moto. Sita wakapanda gari. Dakika tisa baadaye walikuwa ndani ya jengo. Hapakuwa na moshi. Katika chumba cha kupumzikia walikuta vikombe vitatu vya kahawa ambayo bado haijapoa na makoti matatu yametundikwa. Walipoanza kupanda ngazi kwenda chumba cha kinu, vipima mionzi vyao vikaruka hadi mwisho wa kipimo, wakarudi chini.

Huko juu walikuwepo watu watatu: John Byrnes na Richard McKinley wa jeshi la nchi kavu, na Richard Legg wa jeshi la majini. McKinley alitolewa akiwa anapumua, karibu saa mbili baada ya king'ora, akafariki usiku uleule. Legg hakuonekana mwanzoni kwa sababu waokoaji walikuwa wanatafuta sakafuni. Alikuwa darini, amebandikwa na kizibo cha chuma kilichofyatuka kutoka kwenye mfuniko wa kinu. Ilichukua hadi tarehe 9 kumshusha, kwa zamu za watu wawili wawili, na kila zamu iliruhusiwa kukaa mle dakika moja hivi.

Kinu kilikuwa kimelipuka. Chanzo ni fimbo moja ya udhibiti, yaani zile zinazoshushwa ndani ya kinu kukizima na kuinuliwa kukiwasha: namba 9, ile ya katikati. Kazi iliyokuwa inafanyika ilitaka iinuliwe sentimita 10 hivi kwa mkono. Iliinuliwa 50.

Kisa hiki nakitumia kwenye mafunzo ya usalama kazini ninayoyatoa kwa mafundi hapa Arusha. Najua swali linalofuata: Tanzania haina kinu cha nyuklia, sasa fundi wa Arusha fimbo za metali ya kadmi zinamhusu nini? Tuna maabara za Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania pale Njiro, tume iliyoanzishwa kwa sheria ya 2003 ikachukua nafasi ya Tume ya Taifa ya Mionzi ya mwaka 1983, na kazi yake ni kusimamia matumizi ya mionzi na kupima vyakula na vyanzo vya mionzi, haiendeshi kinu. Wanafunzi wangu wengi hata hapo Njiro hawajawahi kuingia. Ni watu wa boila, jenereta na lifti, na wachache wa mashine za eksirei za hospitali. Nawapa SL-1 kwa sababu ndani yake kila kitu kimekaa uchi. Kifaa kimoja, kipimo kimoja, mkono mmoja. Hakuna kompyuta ya kulaumiwa.

Kinu chenyewe kilikuwa kidogo. Kilibuniwa na maabara ya Argonne kwa ajili ya jeshi, lililotaka umeme na joto kwa vituo vya rada kule Aktiki ambako kupeleka dizeli ni shida. Kiliwashwa mara ya kwanza Agosti 1958. Nguvu yake ya joto ilikuwa megawati 3. Kati ya hizo, kilowati 200 zilipaswa kuwa umeme na kilowati 400 joto la kupashia majengo. Maji yalichemka ndani ya chombo chenyewe na kuzunguka bila pampu. Vipande vyote vilipaswa kubebeka kwa ndege, na askari wachache waliofunzwa walipaswa kuweza kukiendesha wenyewe.

Kwa hiyo kila kitu kilirahisishwa, fimbo zikiwemo. Kiini, yaani sehemu yenye mafuta ya nyuklia, kilikuwa na nafasi za fimbo tisa lakini kiliendeshwa kwa tano tu, zenye umbo la msalaba: namba 1, 3, 5 na 7 pembeni, na namba 9 katikati. Mtu akisoma haraka ataona ni uamuzi wa kupunguza gharama na matengenezo. Matokeo yake ni kwamba fimbo ya katikati ilibeba mzigo mkubwa kupita wenzake. Hata nne za pembeni zikiwa zimeshushwa zote hadi chini, kuinua namba 9 peke yake kulitosha kukiwasha kinu. Hapa nawaomba wasomaji wasimame kidogo, kwa sababu kwa maoni yangu ajali ilikuwa imeshaandikwa hapa, miaka kadhaa kabla ya usiku ule.

Sasa fimbo inafanya nini? Atomu ya urani-235, ambayo ndiyo mafuta ya kinu, ikipasuka inatoa chembe ndogo ziitwazo nyutroni, mbili au tatu, na nyutroni hizo zikikutana na atomu nyingine zinazipasua nazo. Fimbo ya udhibiti imetengenezwa kwa kitu kinachomeza nyutroni. Ya SL-1 ilikuwa ya kadmi. Ikiwa chini, nyutroni nyingi zinamezwa na mpasuko unafifia. Ikiinuliwa, zinazobaki zinaongezeka, mpaka panafika mahali ambapo kila mpasuko unazaa mpasuko mwingine mmoja kamili na kinu kinajiendesha chenyewe. Wataalamu huiita hali hiyo kritikali, na haina ubaya wowote. Ndiyo kazi ya kinu ya kila siku.

Ila sentimita za fimbo hazina thamani sawa. Za mwanzo, ncha ya fimbo ikiwa bado chini ya kiini ambako nyutroni ni chache, unainua na karibu hakuna kinachobadilika. Ukifika sehemu za katikati ya kiini, kila sentimita inabeba uzito mkubwa, kisha kuelekea juu kabisa uzito unapungua tena. Ukichora kwenye karatasi unapata mstari ulalao, unaopanda ghafla, halafu unalala tena. Mwendeshaji aliyezoea zile sentimita 10 za mwanzo, akaziona hazina neno, hajajifunza lolote kuhusu zile zinazofuata.

Wachunguzi walikokotoa kwamba fimbo namba 9 ilikuwa inaweza kukifikisha kinu kwenye kritikali ikiwa imeinuliwa sentimita 42 hivi. Ilifika takribani 51. Basi kutoka kinu kilichozimwa hadi mlipuko, umbali wenye maana ni sentimita 8 au 9. Ni upana wa kiganja.

Kuna jambo jingine ambalo bila hilo hesabu haieleweki, na ndilo ninalolifundisha polepole kuliko yote. Katika kila nyutroni 1,000 zinazotokana na mpasuko wa urani-235, 6 au 7 hivi hazitoki papo hapo. Hutolewa baadaye na mabaki ya mpasuko, nyingine baada ya sehemu ya sekunde, nyingine baada ya karibu dakika nzima. Ni chache, lakini ndizo zinazompa binadamu nafasi ya kuendesha kinu. Ukiongeza nguvu kidogo kidogo, mmenyuko, yaani mfululizo huo wa mipasuko, hauwezi kupanda bila kuzisubiri hizo za kuchelewa, kwa hiyo sindano inapanda kwa mwendo ambao jicho linaweza kuufuata na mkono ukaujibu. Ukizidisha kuliko hisa yao, mmenyuko hauzihitaji tena. Nyutroni za papo hapo zinatosha, na kati ya kizazi kimoja cha nyutroni na kingine pana muda mdogo kuliko sehemu moja ya kumi ya milisekunde.

Hisa ya nyutroni za kuchelewa ni kama asilimia 0.7. Fimbo namba 9 ikiwa juu sentimita 50, ziada ya nyutroni juu ya kiwango cha kritikali ilikuwa takribani asilimia 2.4. Nguvu ya kinu ikawa inaongezeka karibu mara tatu katika kila milisekunde 4. Kope ya mtu haipepesi chini ya milisekunde 100. Kinu kilichojengwa kwa megawati 3 kilifika karibu megawati 20,000 kabla ya mafuta ya nyuklia ya katikati kuyeyuka na mengine kugeuka mvuke, maji yakasukumwa nje ya kiini na mmenyuko ukajizima wenyewe. Hakuna aliyekizima. Hapakuwa na muda wa mtu kuamua lolote.

Kilichoua, hata hivyo, kilikuwa maji. Kwa ajili ya kazi ya siku hiyo maji yalikuwa yamepunguzwa, na juu yake, chini ya mfuniko, palibaki nafasi ya sentimita 75 hivi. Mvuke ulipozuka chini, maji yote yaliyokuwa juu yake yalirushwa kama bamba moja, yakapita nafasi ile tupu na kuugonga mfuniko. Chombo cha kinu, chenye uzito wa tani karibu 12, kilikata mabomba yake na kuruka zaidi ya mita mbili na nusu, kisha kikarudi kukaa mahali pake. Kwa muda mrefu wachunguzi hawakujua kwamba kilikuwa kimeondoka. Walikuja kugundua kwa mikwaruzo na alama kilizoziacha huko juu. Chombo kingejazwa maji hadi juu, nguvu zingepanda vilevile lakini nyundo ile isingepata pa kujitupia. Hili mafundi wa boila hulielewa kabla sijamaliza sentensi.

Turudi kwenye siku yenyewe. Kinu kilikuwa kimezimwa tangu tarehe 23 Desemba kwa matengenezo. Mchana wa tarehe 3, zamu iliyotangulia iliingiza nyaya 44 za kupimia mgawanyo wa nyutroni ndani ya kiini, na ili kuzifikisha ilibidi ifungue mitambo inayoinua fimbo. Zamu ya usiku ilipewa kazi ya kurudisha kila kitu. Katika kurudisha, fimbo ilitakiwa kuinuliwa kwa mkono kidogo, ishikwe kwa klampu isirudi chini, nati na washa zifanyiwe kazi, klampu itolewe, fimbo ishushwe. Soma tena hatua hizo. Klampu ilikuwepo ya kuizuia fimbo isishuke. Cha kuizuia isipande hakikuwepo.

Na mtambo wa kuinulia ukiwa umefunguliwa, hakuna chombo kilichoweza kueleza fimbo iko wapi. Katika uendeshaji wa kawaida mahali pa fimbo husomwa mezani kwenye chumba cha udhibiti. Usiku ule chumba cha udhibiti hakikuwa na mtu. Wote watatu walikuwa juu, kwenye kinu. Kipimo pekee cha fimbo namba 9 kilikuwa macho ya aliyeishika.

Fimbo za SL-1 zilikuwa na tabia nyingine iliyojulikana na kila aliyefanya kazi pale: zilikwama. Vipande vyembamba vya alumini yenye boroni vilivyobandikwa kwenye mafuta ya nyuklia vilikuwa vimeanza kupinda na kumomonyoka. Boroni nayo humeza nyutroni, kwa hiyo kila kipande kilichopotea kilikiongezea kinu ukali hata kikiwa kimezimwa. Mnamo Novemba 1960 viliongezwa vipande vya kadmi ili kurudisha kinga iliyopungua. Kukwama kulizidi katika miezi ya mwisho, na waendeshaji walizoea kuzichezesha fimbo juu chini ili zilegee. Namba 9 ndiyo iliyokuwa na afadhali kuliko zote, lakini fundi anayefanya kazi kwenye mashine inayokwama hujenga mazoea ya mkono, na mkono hauchagui namba.

Kijana mmoja wa darasa langu, fundi wa jenereta kutoka upande wa Monduli, alilimaliza suala hilo kwa maneno machache: "Ni kigingi cha mbuzi wakati wa kiangazi, mwalimu. Unavuta, hakiji. Unaongeza nguvu, hakiji. Kikija, kinakuja chote na wewe unaanguka chali." Sijapata namna bora ya kulieleza, na ninaiiba bila aibu.

Wachunguzi walijengewa mfano wa fimbo ile na kujaribisha watu. Waliona mtu mmoja au wawili wanaweza kuivuta umbali ule, kwa kasi inayotosha. Kuhusu urefu hawakubahatisha: mgongano uliibana fimbo ndani ya kizibo chake pale ilipokuwa, kwa hiyo ile sentimita 50 ilisomwa kwenye chuma. Mwanzoni wengine walidhani ni mlipuko wa kemikali tu. Ilithibitika kuwa mpasuko wa nyuklia ulihusika kwa skrubu ya kiberiti cha kuwashia sigara, kilichokuwa na mmoja wa marehemu: shaba yake ilikuwa imegeuka yenye mionzi, jambo ambalo mvuke peke yake hauwezi kulifanya.

Lakini kwa nini alivuta? Hilo halina jibu. Watatu wote walikufa. Pengo hilo lilijazwa na uvumi wa wivu wa mapenzi, kwamba mmoja aliivuta kwa makusudi kumkomoa mwenzake. Darasani kwangu udaku huo ulifika kabla ya chai, maana mmoja alikuwa ameshausoma kwenye simu, na kwa dakika kumi nzima hakuna aliyejali kadmi. Niliuacha uishe. Ushahidi wake ni dhaifu, na marehemu hawawezi kujitetea. Zaidi ya hapo, tuseme ni kweli: bado utauliza ni kinu gani hicho ambacho mtu mwenye hasira anaweza kukilipua kwa mikono mitupu bila kufungua kufuli lolote.

Mzee mmoja aliyestaafu kwenye boila za kiwanda cha sukari huko Moshi hakukubaliana nami, na ubishi wake ulikuwa wa maana. "Mwalimu, usituzungushe," alisema. "Karatasi ilisema sentimita kumi. Hatari inaanza arobaini na mbili. Hapo katikati pana thelathini na mbili za usalama. Ni nyingi! Mtu aliyezipita zote hizo, kosa ni lake."

"Mzee wangu, boila yako ilikuwa na vali ya usalama?"

"Lazima. Mbili."

"Za nini, wakati geji ipo na wewe unajua kuisoma?"

Akacheka. "Huo ni mtego."

Ulikuwa mtego kweli, lakini hoja yake ya sentimita 32 inastahili jibu lililo bora kuliko mtego. Sentimita 32 ni nafasi kubwa kwa fimbo inayopanda polepole kwa mtambo, mtu akiwa ameketi mbele ya sindano. Ikipanda hivyo, kinu kingeamka taratibu na onyo lingeonekana. Kwa fimbo iliyokwama halafu ikaachia huku mwili mzima wa mtu ukiivuta, sentimita 32 zinapitwa kwa sehemu ya sekunde, na 8 za mwisho zinaliwa na mwendo uleule. Umbali wa usalama hupimwa pamoja na kasi. Ukiutaja kwa sentimita peke yake umetaja nusu.

Binti mmoja, fundi wa eksirei naye wa Moshi, akauliza swali nililolisubiri: "Samahani mwalimu, mtu akitaka kupiga picha kwangu, mlango ukiwa wazi mashine inakataa. Sasa hawa, kinu kilikuwa na cha kukataa?" Kilikuwa na mfumo wa kuangusha fimbo kwa dharura, nikamjibu, lakini mfumo huo hufanya kazi kupitia mitambo ambayo siku hiyo ilikuwa imefunguliwa. Yaani ulinzi wa kinu ulikuwa umevuliwa ili kinu kitengenezwe, huku mafuta ya nyuklia na maji vikiwa bado ndani. Aliandika hilo kwenye daftari lake akalipigia mstari.

Baada ya SL-1 kanuni moja ikashika mizizi katika ubunifu wa vinu, na ninaiona ndiyo urithi mkubwa wa kisa hiki: kinu lazima kibaki kimezimwa hata ile fimbo yenye nguvu kuliko zote juu ya mmenyuko ikiwa nje kabisa na haishuki. Kwa kanuni hiyo SL-1 isingepewa ruhusa hata siku moja. Kanuni haimuulizi mwendeshaji kama ni makini, kama amelala vizuri, kama ameoa. Inadhania fimbo mbaya kuliko zote imeshatoka, halafu inauliza hesabu zinasemaje.

Vinu vikubwa vya umeme vya maji ya shinikizo vinaonyesha jinsi suala la mahali pa fimbo lilivyokuja kuchukuliwa. Katika vile vya muundo wa kampuni ya Westinghouse ya Marekani, fimbo hupanda kwa hatua, kila hatua milimita 16 hivi, na safari nzima ni hatua 228. Sumaku za umeme ndizo zinazoishika na kuipandisha hatua kwa hatua. Umeme ukikatwa, fimbo inaanguka yenyewe kwa uzito wake ndani ya sekunde chache. Mahali pake panajulikana kwa njia mbili zisizotegemeana: mtambo unahesabu hatua ulizoagizwa, na koili zilizozunguka mrija zinahisi fimbo iko wapi hasa. Vikitofautiana kwa zaidi ya hatua 12, waendeshaji wanawajibika kuchukua hatua kwa muda uliopangwa. Napenda sana hiyo ya njia mbili. Inakiri kwamba kuagiza fimbo ifike mahali na fimbo kuwa mahali hapo ni mambo mawili.

Na wakati wa matengenezo, kabla ya kuinua mfuniko, shafti zinatenganishwa na fimbo ili fimbo zibaki chini ndani ya kiini, na maji yanakolezwa asidi ya boroni kiasi kwamba mkono uliokosea hauna cha kuwasha.

Nisingependa msomaji aondoke na picha kwamba tatizo liliishia 1961. Tarehe 18 Juni 1999, katika kinu namba 1 cha Shika, Japani, kilichokuwa kimezimwa kwa ukaguzi, mafundi walikuwa wanafunga vali za mfumo wa maji unaosukuma fimbo. Shinikizo likaenda kusikotakiwa, na fimbo 3 kati ya 89 zikateleza nje. Kinu kikafika kritikali bila mtu kukusudia na kikakaa hivyo kama dakika 15 kabla fimbo hazijarudishwa. Hakuna aliyeumia. Kampuni haikuripoti, na umma ulikuja kujua Machi 2007. Kinu kimezimwa, mitambo ya fimbo haiko katika hali yake ya kawaida, mafundi wako kazini: mazingira ni yaleyale ya Idaho. Tofauti ni kwamba safari hii fimbo nyingine 86 zilikuwa mahali pake, na hakuna moja iliyobeba kinu kizima peke yake.

Mwisho wa mafunzo niliwagawa mafundi katika makundi na kuwapa kazi: andikeni upya maagizo ya kuunganisha fimbo namba 9. Makundi mengi yaliandika yaleyale ya zamani kwa herufi kubwa zaidi. ISIZIDI SENTIMITA 10. Wakaongeza sahihi ya msimamizi. Kundi la mzee wa boila liliongeza mtu wa pili wa kusimama kando akiangalia, na hapo nilimkumbusha kwamba SL-1 palikuwa na wa pili na wa tatu.

Kundi la binti wa eksirei lilikuja na pete ya chuma inayofungwa kwenye shina la fimbo, sentimita 10 chini ya mfuniko, ambayo ikifika inagonga na haipiti. Mzee akawashika palepale: fimbo ili ifanye kazi lazima baadaye ipande yote, kwa hiyo pete itatolewa; nani ataitoa, na lini? Maana siku atakayeitoa mapema, tumerudi kulekule. Wakarudi mezani wakabishana hadi watu wa ukumbi wakaanza kukusanya viti. Walichokubaliana, na mzee akiwemo, ni kwamba mwili wa mtambo utengenezwe usiweze kufungwa juu ya fimbo ila pete ikiwa mahali pake, na boliti za pete zifikike kwa nje tu, mtambo ukiwa umeshakazwa na shina limeshafunikwa mahali ambapo mkono haufiki.